Bega la Nyumba ya Benjamini

Tenga lilikuwa limefika usawa wa kifua lilipokwama. Modesta alikuwa ameinama nusu, shingo imenyooka, ngata kichwani, mikono yote miwili imeshika kitako cha tenga, na alihitaji kusukumiwa kidogo tu kutoka upande wa pili ili kabichi zile zimkae kichwani. Upande wa pili alikuwa mumewe, Benjamini. Akasukuma. Kisha mikono yake ikalegea, na tenga likashuka taratibu, kwa sababu Modesta alilipokea kwa paja lisianguke.

"Kamba imelegea," Modesta akasema. "Ngoja niikaze."

Kamba haikuwa imelegea, na wote wawili walilijua hilo. Hata hivyo alifungua fundo, akavuta kamba, akalifunga tena bila haraka, akimpa mumewe muda. Benjamini alikuwa ameegemea ukingo wa shamba, kiganja kimebana upande wa kulia wa kitovu, uso ameuelekeza bondeni kama mtu anayetazama kama mvua itanyesha. Maumivu yake yalianza hivyo siku zote, kama mtu aliyeko ndani anayevuta uzi, halafu uzi ukawa kamba.

Huko chini barabarani honi ya lori la wanunuzi ililia. Kabichi iliyochelewa hununuliwa kwa bei ya kabichi iliyooza. Modesta alitazama njia, akamtazama mumewe, akaanza kuongea habari za mbegu za karoti, ili mtu akipita aone mke na mume wanaozungumza.

Aliyepita alikuwa Masudi, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, jembe begani. Masudi hakuwa mtu mbaya. Utani ulimtoka kama kikohozi, hakuuita na hakuuzuia. Alisalimia, akaweka jembe chini, akasogea kwenye tenga bila kuombwa, na kwa msukumo mmoja likakaa kichwani kwa Modesta.

"Shemeji," akasema akijifuta mikono, "siku hizi mume wa nyumba hii ni nani?"

Modesta alikuwa ameshageuka, na mwenye tenga kichwani hageuki mara mbili. Benjamini akacheka, kwa kuwa mwanamume anayetaniwa hucheka. Masudi akaokota jembe lake. Ndipo akakumbuka kuwa alikuwa na ujumbe: Jumapili alasiri wote wanaitwa kwa Mzee Sheshe, kuna kikao cha machela. Akaongeza, safari hii akitazama chini, kwamba jina la nyumba yao limetajwa.

*

Kitongoji chao kiko juu ya Mlola, mahali ambapo gari halifiki. Kutoka nyumba ya mwisho hadi barabarani ni njia ya miguu inayoshuka kwa kona, mawe na mizizi, na mgonjwa asiyeweza kuishuka hubebwa kwa machela. Machela yenyewe ni miti miwili mirefu na turubai lililoshonwa katikati. Watu wanne hubeba, wengine hufuata kuwapokea. Halipwi mtu. Kila nyumba hutoa bega zamu yake ikifika, Mkristo kwa Mwislamu, na siku yake ya kuugua nayo hubebwa. Nyumba ya mgonjwa peke yake ndiyo isiyobeba. Wenyewe hutembea nyuma na kifurushi cha nguo.

Benjamini alikuwa bega ambalo watu waliliomba. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa msumeno mrefu na magogo, na aliposhika mti wa mbele mgonjwa aliweza hata kulala. Miaka minne iliyopita gogo lilimbingirikia tumboni kwenye shimo la kupasulia. Walimshusha wakikimbia, hospitali ikamfungua tumbo, ikashona utumbo uliochanika, akapona. Tangu hapo utumbo ulikuwa umeziba mara mbili, na mara zote mbili kitongoji kilimbeba.

Lakini zamu ya nyumba yake ilipofika, hakwenda. Na hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu mwenye heshima zake. Hakusema kwamba hawezi. Kila mara alisema, "Zamu ijayo nitakuwa nimepona." Alilisema kwa sauti nzuri, amesimama wima, hata watu wakaliamini. Mtu anayeahidi kupona kila zamu, halafu haponi, huonekana hataki.

Kikao kilikaa uani kwa Mzee Sheshe, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka karibu na jiko. Mzee aliuliza kwa upole kama nyumba ya Benjamini ina neno. Benjamini akasimama, akaanza kuzunguka kwa maneno. Kijana Ismaili, ambaye kwa mwaka ule alikuwa amebeba kuliko wote, akauliza kama si yeye aliyeonekana akicheza kwenye harusi ya Happiness. Benjamini akakubali. Akaeleza kwamba kuna siku nzuri, siku ambazo tumbo hulala kabisa hata akalisahau.

"Ugonjwa gani huo wenye likizo, baba?" Ismaili akasema.

Watu walicheka kidogo, wengine wakiinamisha vichwa. Benjamini alisimama pale na kofia mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alipandisha shati mpaka kifuani, wamwone.

Kovu lilikuwa zuri. Lilishuka kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu, limenyooka, jeupe, halina uvimbe wala usaha. Watu wakasogea wakalitazama. Aliyetegemea kwamba lingemtetea alijikuta limemshitaki, kwa sababu kila mwenye macho aliona kidonda kilichopona. Mtu mmoja nyuma akasema, bila ubaya, kwamba madaktari walifanya kazi safi.

Modesta aliinuka kwenye mkeka. Akawaeleza alivyoelezwa yeye hospitalini, polepole, kwa maneno ya daktari. Juu kumepona. Ndani kumepona kupita kiasi: kovu limeota nyuzi, utumbo umeshikana wenyewe kwa wenyewe na umeshikana na ukuta wa tumbo, na akiinua kitu kizito nyuzi zile huvuta. Wakimpasua tena kuzikata, huenda zikaota nyingine. Kwa hiyo ameambiwa aishi nazo, ale kidogo kidogo, asinyanyue mizigo. Na siku akitapika, tumbo likawa gumu kama ngoma na asitoe hewa, asisubiri hata saa moja, apelekwe.

Mzee Sheshe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anaamini. Lakini akasema pia kwamba mabega yanapungua, vijana wanashukia tambarare, Mnazi na Tanga, na nyumba zinazobeba zimechoka kuziona nyumba zisizobeba. Kama nyumba moja itasamehewa kwa tumbo, kesho nyingine itakuja na mgongo. Kwa hiyo imeamuliwa. Safari ijayo nyumba ya Benjamini itoe bega, la sivyo jina litoke, na jina likitoka wajitafutie wabebaji wao.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Watu waliangalia moto. Benjamini alikuwa bado ameshika shati.

"Bega lipo," Modesta akasema. "Ni langu."

Safari hii kicheko kilitoka hasa, na wanawake nao walicheka. Kwao mwanamke kuingia chini ya machela lilikuwa jambo la kijiji kilichokwisha wanaume. Masudi akafuta macho, akamgeukia Modesta.

"Mama Loveness, machela si tenga la kabichi."

"Najua," akajibu. "Kabichi hazilalamiki njiani. Wewe nikikubeba utalalamika mpaka barabarani."

Wakamcheka Masudi, na Masudi akacheka pamoja nao. Mzee Sheshe peke yake hakucheka. Alikuwa akiwaza kwamba waliomwachia utaratibu ule walisema nyumba itoe bega, na hawakusema zaidi, labda kwa sababu hawakudhani kuna haja. Hakukubali wala hakukataa. Alisema siku ikifika itaonekana.

*

Nyumbani waligombana kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, maana ukuta wa udongo si kizuizi. Benjamini hakugusa uji. Alisema amevuliwa nguo mbele za watu.

"Shati ulilivua mwenyewe," Modesta akasema.

"Nilidhani wataona."

"Hawakuona. Sasa?"

Sasa, akasema, yeye habebwi tena. Akizidiwa atashuka kwa miguu yake, akifia kwenye kona ya tatu basi ni hapo. Hawezi kulala kwenye turubai la watu waliomcheka mkewe. Modesta alikuwa anachochea moto. Akamwambia kwamba waliyemcheka ni yeye, na yeye ameshasamehe tangu hawajamaliza kucheka, kwa hiyo haelewi mwenzake ananunia kwa niaba ya nani.

Benjamini akamkataza. Alilisema neno hilo kama wanaume wa kwao wanavyolisema, mara moja, bila kupaza sauti: hutabeba. Modesta akanyamaza. Walikuwa wameishi pamoja muda wa kutosha kwa Benjamini kujua kwamba mkewe akikubali husema ndiyo, na akinyamaza huwa hajakubali.

Usingizi wake haukuwa mzuri. Alilala amekunja magoti, jinsi ambavyo nyuzi hazikuvuta sana, akisubiri tumbo litoe hewa. Katika nyumba ile sauti ambayo kwingine ingeleta aibu ilikuwa habari njema, na kabla hakujapambazuka ilipotoka, Modesta alisema "Asante Mungu" akiwa bado amefumba macho, na wote wawili wakacheka gizani kama watoto, ugomvi ukiwa haujaisha.

*

Masudi alikuja Alhamisi, ukungu ukiwa umekaa hadi kwenye migomba. Alisimama mlangoni bila mzaha wowote, akavua kofia. Mama yake, Bi Hidaya, alikuwa ameteleza karibu na jiko, na mguu ulikuwa umegeuka, hawezi hata kukaa. Wanaume wengi walikuwa Mnazi kwenye mpunga. Alikuwa na Martin, Ismaili, na Sefania mtoto wa Mzee Sheshe. Mmoja akipungua, machela haiendi, na yeye ni mwenye mgonjwa.

Kwa desturi anayejibu wito ni mwenye nyumba. Masudi akamtazama Benjamini, wala hakuthubutu kumtazama Modesta. Benjamini alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso wa kijivu, kwani tumbo lilikuwa limemwamsha mapema. Aliona midomo ya Masudi ikicheza. Alimfahamu Masudi tangu utoto na hakuwahi kuuona uso ule bila kicheko. Neno la zamu ijayo lilimjia lenyewe mdomoni, limezoea njia. Akalimeza.

"Mama Loveness," akasema. "Nenda. Nitafuata nyuma."

Kwenye kushuka, warefu hutangulizwa ili mgonjwa asilale kichwa chini. Martin, aliyekuwa mrefu kuliko wote kitongojini, alishika mti wa kulia mbele, na Modesta wa kushoto, mahali pa mumewe siku zile. Kabla ya kona ya kwanza ilionekana haiwezekani. Bega la Modesta lilifika kifuani kwa Martin. Machela ililala upande, na Bi Hidaya akaanza kuteleza kuelekea kushoto, juu ya mguu ule ule ulioumia. Kikongwe yule hakulia. Alisema tu, "Wanangu, wanangu." Wakamshusha chini kwenye majani yenye umande.

Ismaili akasema kilichokuwa mawazoni mwa wote, kwamba wangoje, pengine mwanamume atatokea. Hakusema kwa dharau. Masudi aliangalia juu ya njia, akaangalia chini, hakukuwa na mtu. Benjamini aliwafikia akihema, akashika shina la mti kando ya njia, akamwona mkewe amesimama kando mikono mitupu.

Modesta alikuwa anamtazama Martin, si usoni, bali begani. Akalipima kwa macho. Kisha akafungua khanga ya kiunoni, akaikunja, akaizungusha, akaitengeneza ngata kubwa kuliko ile ya kabichi, akaiweka kichwani na kuuchuchumalia mti wa kushoto.

"Nitwikeni," akasema.

Sefania alikuwa karibu, akasita, akauinua mti akauweka juu ya ngata. Modesta akasimama. Shingo ikajaa, miguu ikatafuta mahali pake, na mti ukawa sawasawa na bega la Martin, kama uliopimwa kwa kamba. Wakaanza kushuka. Mkono mmoja ulishika mti, mwingine uliachwa huru kando, kama unavyoachwa na wanawake wote wa milima ile wanaposhuka na mizigo, na nyayo zake hazikutafuta njia maana zilikuwa zinaijua. Baada ya kona mbili wanaume walisimama kubadilisha mabega. Yeye hakuwa na cha kubadilisha, akawangoja.

"Sasa nimelala kama mtu," Bi Hidaya akasema kutoka kwenye turubai. "Huyo wa mbele asibadilishwe."

Benjamini alifuata nyuma. Kila kona alisimama, akashika shina, akasubiri kamba ya ndani ilegee, akaendelea. Kwa hiyo aliwaona kutoka juu muda mwingi, machela ikipita katikati ya mashamba, na mbele kabisa kichwa cha mkewe chini ya mti, hakitikisiki. Alimwona Ismaili nyuma akijifunza mwendo wa Modesta, akikanyaga pale alipokanyaga yeye. Kwa miaka minne alikuwa amelitazama tenga likipanda kwenye kichwa kile na hakuona ila aibu yake mwenyewe, mikono isiyoweza kusukuma. Hakuwahi kukitazama kichwa.

Barabarani palikuwa na gari la kukodi lililoitwa kwa simu, na wanunuzi wa kabichi wakisubiri mizigo. Bi Hidaya aliingizwa garini, Masudi akapanda naye. Mnunuzi mmoja, mgeni, mtu wa mjini mwenye sweta jipya, alikuwa amesimama akimwangalia Modesta anavyofungua ngata na kujifunga tena khanga yake kiunoni.

"Kumbe huku mlimani wanaume mmeisha," akasema, akitabasamu, akitafuta wa kucheka naye.

Martin akatazama pembeni. Benjamini ndiyo kwanza alikuwa anafika, jasho limemlowesha shati, ameinama kidogo upande wa kulia. Akanyooka kadiri alivyoweza.

"Huyo ni mke wangu," akasema. "Mimi tumbo langu halibebi tena, na halitabeba. Bega la nyumba yetu ndilo hilo."

Hakulisema kwa ukali, alilisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mgeni akaomba radhi, akasema alikuwa anatania, na Benjamini akamwambia hakuna neno. Lakini wabebaji walikuwa wamesikia. Ilikuwa mara ya kwanza yeyote kati yao kumsikia akisema halitabeba. Modesta naye alisikia. Alikuwa anafunga khanga, na aliendelea kuifunga kwa muda mrefu kuliko khanga inavyohitaji.

Kwenye kupanda, Benjamini alipofika nusu ya njia, tumbo lilimkalisha. Alikaa kwenye jiwe, mikono imekumbatia magoti, macho yamefumba. Wabebaji waliokuwa mbele na machela tupu walirudi. Ismaili aliitandika chini mbele yake, akanyoosha turubai kwa viganja, akasimama kando. Benjamini alifumbua macho akaiona. Akaiangalia sana.

"Leo hewa inatoka, baba," Benjamini akamwambia Ismaili. "Natembea. Siku nisipoweza, nitapanda."

Ismaili akaitikia kwa kichwa. Wote wakakaa chini kumngoja, na hakuna aliyeangalia jua.

*

Jumapili iliyofuata Mzee Sheshe alituma machela iletwe nyumbani kwa Benjamini. Haikuwa imelala penginepo zaidi ya kwa mzee tangu watu wanakumbuka. Aliyeileta, Sefania, alieleza kwamba mzee amesikia habari ya kichwa na bega, na anauliza kama fundi anaweza kufanya mti usibingirike juu ya ngata. Jina la nyumba hakulitaja. Hakukuwa na haja.

Benjamini alichukua tezo na vipande viwili vya mti mkavu. Alipanga kuvichonga viwe na bonde dogo upande wa chini, mahali pa ngata kukaa, na mfereji upande wa juu, mahali pa mti wa machela, kisha avifunge kwa kamba ya ngozi. Aliifanya kazi ameketi, kigoda chini ya mparachichi, tezo likishuka kwa uzito wake lenyewe. Alipiga kidogo, akapumzika kidogo.

Jioni Hawa, mke wa Ismaili, alipita na Wema dada yake, wakasema wamekuja kuomba chumvi. Hawakuondoka. Hawa alikiinua kile kipande kilichokamilika, akajiweka kichwani bila ngata, akajigeuza.

"Hiki ni cha kichwa cha Mama Loveness," akasema. "Changu kitaelea humu."

"Weka ngata nene," Benjamini akamwambia.

"Kwa hiyo ni kweli? Zamu yetu nikimwambia Ismaili apumzike, hamtanicheka?"

"Utachekwa," Modesta akajibu kutoka jikoni, "mpaka kona ya kwanza."

Masudi naye alifika, ametoka hospitalini. Mfupa wa mama umeungwa, akasema, na mama anamwambia kila muuguzi kwamba amebebwa na mwanamke na hakumwagika. Akakaa kwenye gogo, akashika kipande cha pili ambacho kilikuwa na gome upande mmoja, akauliza lini kitakuwa tayari. Alikuwa na nia ya kuja kusaidia kukifunga.

Benjamini alikuwa ameweka tezo chini. Kiganja kilikuwa kimerudi upande wa kulia wa kitovu, na safari hii hakukificha wala hakutazama bondeni.

"Kesho," akasema, "tumbo likikubali. Lisipokubali, keshokutwa."

"Sawa," Masudi akasema.

Modesta akatoka na gunia, akavifunika vile vipande na tezo visilowe umande, akamsaidia mumewe kuinuka.